Moto wa kushindilia hewa, Unga Limited

Fundi wa kukereza pale Unga Limited, Arusha, alitaka kujua jambo moja tulipomwekea mezani mchoro wa pistoni ya moto, yaani silinda iliyozibwa chini na pistoni ya kushindilia hewa ndani yake: moto utatoka wapi bila kiberiti? Nikamwambia, "Fundi, fikiria dizeli." Injini ile haina plagi ya kutoa cheche, hewa hushindiliwa ghafla ikapata joto la kuwasha mafuta. Asia ya Kusini-Mashariki walikichonga kifaa hiki tangu zamani, kwa pembe, mti au mianzi. Hapo akafunga kipande cha alumini kwenye mashine.

Alitoboa tundu la milimita 8, kina 90, bila kutokeza upande wa pili. Keekee huacha michirizi, na hewa hupenya humo, kwa hiyo tulilisugua kwa msasa laini wenye mafuta, uliozungushwa kwenye kijiti, hadi ukuta ukang'aa.

Pistoni ilikuwa chuma cha kipenyo cha 7.8. Kwangu mimi, kifaa kizima ni mfereji wa oringi, ile pete ya mpira inayoziba hewa; mengine yanasameheka. Oringi yetu ilikuwa na unene wa 1.5, mfereji ukakatwa kina cha 1.3. Ukifika 1.5, mpira haugusi ukuta na hewa inatoroka. Ukiishia 1, mpira unabanwa mno, pistoni inakwama, oringi inakatika. Kwenye ncha fundi alichimba kishimo chenye upana wa 5 na kina cha 4, na urefu ukapimwa ili ncha isimame milimita 2 kabla ya kugusa chini. Hapo hewa inabanwa zaidi ya mara 20. Arusha iko juu, mita kama 1,400, lakini joto linategemea uwiano huo, kwa hiyo mwinuko haukututia wasiwasi.

Tulipaka mafuta ya mgando kidogo sana, tukasukuma pistoni na kuiachia. Ikarudi juu yenyewe. Isiporudi, usihangaike na moto, hewa inavuja.

Kitambaa cha kushika moto kilitoka kwenye kanga kuukuu ya pamba tupu. Polista huyeyuka, haifai. Tulikiweka ndani ya kopo la dawa ya viatu lililotobolewa kwa msumari, juu ya jiko la mkaa, hadi moshi ukakata. Kopo halifunguliwi likiwa la moto: hewa ikiingia, kitambaa chote kinateketea.

Kipande kidogo cheusi kikajazwa kishimoni bila kukandamizwa. Fundi alisimamisha silinda juu ya gogo, akapiga kwa kiganja, pigo moja la nguvu. Ukisukuma polepole, joto linanyonywa na alumini. Akachomoa papo hapo, maana mle ndani hewa ya kulisha kaa haitoshi. Kitambaa kilikuwa kinawaka chekundu. Tukakihamishia kwenye majani makavu ya mgomba, tukapuliza, ndimi zikapanda.

Kabla ya pigo la pili tulifuta majivu yote, kwa kuwa yakibaki hukwaruza tundu na kuila oringi.