Maua Yaliyofumba

Mwaka 1991 nilikuwa darasa la tano. Ijumaa moja mwalimu wetu wa sayansi alichora ua ubaoni, akaandika stameni huku na ovari kule, kisha akasema mwenye ua kubwa kwao alilete Jumatatu. Nikanyoosha mkono kabla sijafikiri. Kwetu hakukuwa na bustani. Ila nilikuwa na bibi, na bibi alikuwa na mtumbwi.

Bibi alilima mlau, yaani kupanda kwenye ardhi yenye unyevu mafuriko yakishapungua, kwenye bonde la Rufiji, upande wa Utete. Nyuma ya dungu lake, kile kibanda cha kulindia shamba, kulikuwa na ziwa dogo, mojawapo ya yale ambayo mto huyajaza ukifurika na kuyaacha ukirudi. Mwezi ule wa sita lilikuwa limejaa mayungiyungi. Nilikuwa nimeyaona asubuhi nyingi, buluu tupu kuanzia penye matete hadi karibu na katikati, na vile vindege vyenye vidole virefu vikitembea juu ya majani kama vinavyotembea uani.

"Maua ya nini, mume wangu?" bibi akaniuliza. "Umeshapata mke mwingine?"

Nikamwambia ni ya mwalimu. Akacheka, akaendelea kupalilia. Tuliondoka Jumapili saa tisa alasiri, na nilipofika nilitaka kulia. Ziwa zima lilikuwa kijani. Maua yote yalikuwa yamefumba, kila moja limejikunja kama ngumi ya mtoto mchanga.

"Haya ni ya mchana," bibi akasema. "Hufunguka jua likishapanda, hufumba jua likianza kushuka. Ungetaka yanayofunguka usiku, yapo, meupe, lakini si humu."

Kwa hasira nikasimama, nikaichukua pondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi, na kuisukuma chini kwa nguvu zangu zote. Ikazama topeni. Nilipoivuta haikutoka, na mtumbwi ulikuwa umeshaanza kwenda. Nikaiachia. Ikabaki imesimama peke yake, nasi upepo unatupeleka kwenye maji matupu ya katikati. Kafi hatukuwa nayo.

Bibi hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi. Alichukua kata ya kutolea maji mtumbwini, akaanza kupiga nayo kasia upande mmoja, akaniambia nitumie mikono upande wa pili. Mikono yangu ilikuwa majini na akili yangu yote ilikuwa kwa mamba.

"Tuelekee kwenye majani," akasema. "Palipo na yungiyungi, pondo inafika chini. Pale katikati haliwezi kuota, kina ni kikubwa. Na mtoni huwezi kuliona kabisa, maji yanakimbia mno. Linataka maji yaliyotulia na tope la kushika mizizi."

Tulipoingia kwenye majani, mtumbwi ukapunguza mwendo wenyewe. Bibi akapitisha mkono chini ya maji, akakamata mashina kwa fungu, akavuta. Tukasogea. Akakamata fungu jingine. Nikamuiga. Nilipokamata shina moja tu lilikatika, nikaliona kwa ndani: lina matundu kama mrija, hewa tupu. Majani yaligeuka tulipopita, yakaonyesha tumbo la zambarau. Juu yalikuwa na nta, tone la maji likianguka halilowanishi, linakimbia tu. Hivyo tukajivuta, shina kwa shina, hadi tulipoifikia pondo yetu.

Bibi hakuiacha safari ipotee bure. Alipapasa topeni akang'oa toro tano sita, vile viazi vya chini vya yungiyungi, akavitupa ndani ya mtumbwi. Usiku akavichemsha. Alisema miaka ambayo mafuriko yalizoa mashamba hicho ndicho walichokula, na mbegu zake pia walizitwanga. Mimi sikupenda ladha yake, lakini sikuthubutu kusema, baada ya mambo ya pondo.

Siku hizi nikiona picha ya gugu maji imeandikwa "yungiyungi" naudhika kupita kiasi, nakiri. Gugu maji linaelea tu na mizizi inaning'inia, upepo unalipeleka linakotaka. Lingekuwa gugu maji siku ile, tungelivuta likatufuata. Miaka mingi baadaye, kwenye mifereji ya Uholanzi, niliona ndugu yake yungiyungi wa manjano, ua dogo la mviringo kama kikombe, lililoinuka juu ya maji na kunuka kama pombe iliyochacha. Lile huvumilia hata maji yanayotembea polepole. Nilijikuta nikitafuta pondo kwa macho.

Jumatatu nilibeba maua manne ndani ya kopo la maji, bado yamefumba. Darasa zima lilinicheka. Mwalimu aliyatazama, akaliweka kopo dirishani bila neno, akaanza hesabu. Ilipokaribia saa nne, jua lilipofika dirishani, msichana wa mbele akaacha kuandika. Kisha jirani yake. Mwalimu akageuka kuona tunatazama nini, chaki bado iko mkononi. La kwanza lilikuwa limeshafunguka lote, katikati yake manjano, na la pili lilikuwa linaanza.