Madigadi ya Mbele ya Honda CB360: Kutoa Kutu, Kunyoosha na Kuipanga

Injini ya Honda yangu ya mwaka 1975 imetulia, kwa hiyo nimegeukia madigadi ya mbele, ile ya chuma yenye kromu. Upande wa kulia ilikuwa imebonyea, ukingo wake umepinda kuelekea tairi, na ufa umeanza kwenye tundu la bolti. Kutu nayo ilikuwa imetapakaa, kwani hapa Malindi pikipiki inayolazwa nje msimu wa kaskazi huamka na chumvi mwili mzima.

Kromu yenyewe haishiki kutu. Ni utando mwembamba mno, usiofikia mikroni moja, uliolazwa juu ya nikeli, na nikeli ndiyo hasa inayokikinga chuma. Lakini utando huo una nyufa ndogo ambazo jicho halizioni, na maji ya chumvi yakishapenya hadi kwenye chuma, kutu hutambaa chini kwa chini mpaka kromu ikabanduka. Kwa sababu hiyo sikuigusa kwa msasa. Nilisugua kwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni iliyoloweshwa maji, kwa kuwa aluminiamu ni laini kuliko kromu na haiikwaruzi, na uchafu wa kahawia ukatoka taratibu. Pale ambapo kromu ilikwisha kubanduka pamebaki madoa meusi, nami nimeyapaka nta na kuyaacha, kwa kuwa naipenda kromu ya kiwandani yenye madoa kuliko rangi ya fedha ya kopo.

Fundi mmoja wa bodi huku Maweni alinishauri, "Itie moto kidogo, mwanangu, itarudi." Nilimshukuru kwa heshima, lakini moto hauifai kromu, huigeuza manjano, kisha buluu, na rangi hiyo haiondoki. Niliilaza madigadi juu ya mfuko wa mchanga nikaigonga kutoka ndani kwa nyundo ya mbao, kidogo kidogo, nikianzia pembezoni mwa bonde, kwa sababu kromu ni ngumu lakini hukatika upesi ikipigwa kwa nguvu mahali pamoja. Ufa niliuzuia kwa kutoboa tundu la milimita 3 mwishoni mwake, nikaweka kipande cha bati nene kwa ndani.

Kazi iliyonipendeza zaidi ni kuipanga. Kishikio cha madigadi huunganisha miguu miwili ya foko, yaani ile inayolishika gurudumu la mbele na kumeza mishtuko, na kikivutwa kwa nguvu ya bolti huisogeza miguu hiyo, foko ikawa inakwama inaposhuka na sili, yaani mipira inayozuia mafuta ya foko yasivuje, zikaliwa upande mmoja. Basi nilihakikisha kwanza kwamba rimu haiyumbi, nikalegeza ekseli, nikaibonyeza foko mara kadhaa ili miguu ikae sambamba, ndipo nikakaza ekseli na kuingiza bolti za madigadi kwa vidole tu. Bolti ya kushoto ilikataa. Tundu lilikuwa limepishana kwa milimita 4 hivi. Spana ingeweza kuilazimisha, lakini nilikitoa kishikio, nikakibana kwenye jiliwa na kukinyoosha hadi bolti zote zikaingia bila kusukumwa.

Baada ya hapo nilichonga kipande cha ubao kiwe kipimo, nikakipitisha kati ya tairi na ukingo, kulia na kushoto, mbele, juu na nyuma, huku nikizungusha gurudumu kwa mkono. Nilikaza bolti za kati kwanza, kisha za mikono ya nyuma, nikibadilisha pande na kurudia kipimo kila mara. Sehemu ya ndani imepata praima ya zinki na rangi nyeusi, kwa sababu tope likiganda humo hukaa na unyevu na kuila bati kutoka upande usioonekana.

Nimeijaribu hadi daraja la Sabaki na kurudi. Foko inashuka na kupanda bila kukwama, na hata kwenye matuta tairi haigusi popote. Kinachofuata ni spoki za gurudumu hilo hilo, kwani chache zimelegea na zikiachwa rimu itaanza kuyumba na nafasi niliyoipima itaharibika.