Vigumba vya kufunguka: nimepata wanne, nimempoteza mmoja

Kila nikienda kwenye shughuli za Wabongo huku Silver Spring, Maryland, lazima atokee mtu mmoja, sambusa mkononi, aniulize lile swali, yani wewe umetoka Kondoa umepanda ndege mbili umekuja mpaka Marekani kurusha mishale? Na mi namjibu ndio ndugu yangu, tena ya kaboni. Wanacheka wee, halafu wiki ya pili wananipigia simu kuuliza kama kuna nyama imebaki kwenye friza.

Sasa juzi shemeji yangu ambaye naye kaanza, kamaliza kozi ya usalama na leseni kapata, kaniuliza vile vigumba, yani vyuma vya kwenye ncha ya mshale, vinavyojifungua vyenyewe ni kweli vinafanya kazi au ni njia tu ya kutumalizia hela. Nikaanza kumjibu kwa vois noti, ikafika dakika kumi na moja, nikaona bora niandike.

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama. Nasema kulungu kwa sababu sina neno jingine, ila mjue si yule kulungu wa porini kwetu. Huyu wa Maryland mkia wake mweupe kwa chini, akishtuka anaunyanyua kama anapunga kitambaa, na dume pembe zake zinadondoka kila mwaka msimu ukiisha af zinaota upya, kitu ambacho swala wa kwetu hafanyi. Waliotafsiri Zaburi waliandika ayala, lakini jaribu kumwambia mtu umemletea kilo mbili za ayala uone atakavyokuangalia.

Pili, kigumba cha huku kazi yake si ile tuliyoizoea. Nilivyokuwa mdogo Kondoa tulikuwa tunawaona Wasandawe na pinde zao, na ile mishale ya sumu sisi watoto tulikatazwa hata kuisogelea. Mshale wa sumu hauhitaji kigumba kipana, unahitaji kuchoma tu sumu iingie kwenye damu, mwenyewe unafuata nyayo taratibu. Huku sumu hakuna. Mnyama anakufa kwa kukatwa, mapafu, moyo, mishipa mikubwa, damu inatoka na pumzi inakata. Kwaiyo ubishi wote wa wawindaji wa huku, na ni wabishi kuliko mashabiki wa Simba na Yanga, unarudi kwenye mambo mawili: kigumba kinakata upana gani, na kinaingia ndani kiasi gani. Ukiongeza kimoja kingine kinapungua. Ndo stori yote hiyo, ila ngoja niifafanue.

Kigumba cha kawaida, wenyewe wanaita fiksi, nyembe zake mbili au tatu au nne zimesimama muda wote, ukikiangalia unaona ndio hicho hicho kitakachoingia. Cha kufunguka, mekanikali, kinaruka nyembe zimejikunja ubavuni, kikimgonga mnyama ndo zinafunguka. Kuna aina mbili kubwa. Ya kwanza nyembe zinachanua kama mwavuli, zinaanzia mbele zinaangukia nyuma, NAP Spitfire ni ya hivyo. Ya pili nyembe zinateleza kurudi nyuma huku zinatanuka, kama Rage, na hizo zinashikiliwa na kola ndogo ya plastiki au mpira ambao unavunjika au unateleza pale inapogusa ngozi. Uzito ni ule ule, nyingi ni greini 100, kama gramu 6 na nusu hivi, au greini 125.

Sasa upana. Fiksi nyingi ni inchi moja na kitu, mekanikali nyingi inchi moja na nusu mpaka mbili na zaidi. Ukisikia inchi mbili unaona kama umenunua panga. Lakini piga hesabu. Fiksi ya nyembe tatu yenye kipenyo cha inchi 1.125, kila wembe unakata nusu ya kipenyo, zidisha mara tatu unapata karibu inchi 1.7 ya mkato. Mekanikali ya nyembe mbili yenye kipenyo cha inchi 2 mkato wake ni inchi 2. Tofauti ipo, ila si mara mbili kama picha kwenye paketi inavyokufanya uamini. Faida yake ya kweli ni kwamba inafika mbali zaidi kutoka katikati, yani ukikosea kidogo wembe bado unaweza kuupata mshipa ambao fiksi ingeupita pembeni.

Kulungu wangu wa kwanza na hivi vya kufunguka ilikuwa Oktoba, jike, yadi 20, mi nipo juu ya mti kwenye stendi, ambayo mi naiita dungu maana haina tofauti na lile tulilokuwa tunakaa kulinda mtama na ndege. Alisimama ubavu kabisa. Bismillahi, nikaachia. Mshale ukapita nyuma ya bega ukatokea upande wa pili ukachoma ardhini, akakimbia kama hatua sitini hivi nikasikia majani yakivunjika, kimya. Damu ilikuwa pande zote mbili za njia, ya rangi ya waridi na ina povu, na povu maana yake mapafu. Hata mtoto angemfuata. Nikasema basi, sirudi tena kwenye fiksi.

Hilo la kutokea upande wa pili msilipuuze. Ukipiga kutoka juu ya mti tundu la kuingilia linakuwa juu, damu inajaa ndani kwa ndani kama ndoo, hutaona tone mpaka ijae. Tundu la chini ndo linamwaga. Kigumba kipana kisichotokea kinaweza kukuachia njia kavu kuliko chembamba kilichopita moja kwa moja, na hapa ndipo watu wa mekanikali wanapojidanganya, wanaangalia upana wa tundu wanasahau idadi ya matundu.

Na sisi tunaokula halali kuna lingine. Mafundisho niliyokulia nayo ni kwamba mnyama aliyeuawa na makali ya mshale analiwa, aliyeuawa kwa kugongwa na ubavu wa mshale haliwi. Kwaiyo makali kwangu si ufundi peke yake. Ukimkuta bado anahema unachinja. Mengine muulize shehe wako, mi ni fundi wa mabomba tu.

Wa pili na wa tatu sina cha kusimulia, ubavu, yadi 15, yadi 23, wote wameanguka ninawaona.

Wa nne akanifundisha. Alipiga hatua pale pale nilipoachia, mshale ukamwingia nyuma zaidi, nikamwona anaondoka amejikunja mgongo anatembea polepole, na nilipoushika mshale damu ilikuwa nyeusi nyeusi ya ini. Hapo usifuate! Mapafu unasubiri nusu saa, ini masaa manne mpaka sita, utumbo, yani ukiona majimaji ya kijani yananuka, masaa nane mpaka kumi na mbili. Ukimkurupusha anakwenda maili nzima na humpati. Nikarudi nyumbani nikala, nikaswali, nikarudi baada ya masaa matano nikamkuta kama mita 120 kalala kafa. Mkato wa inchi mbili kwenye ini ulifanya kazi yake, na nina hakika fiksi yangu ya zamani ingefanya kwa taabu zaidi. Hapo nakipa kigumba cha kufunguka maksi zake zote.

Ila yule niliyempoteza.

Novemba, madume yanafukuza majike hayana akili, likaja dume zuri linanielekea, si ubavu, limegeuka kama robo kuja kwangu, bega limetangulia. Kila mtu anajua pale hupigi. Mi nikapiga. Nikasikia mlio kama umegonga ubao. Mshale uliingia kama urefu wa kidole tu, dume likageuka likaondoka na mshale unaning'inia, baada ya mita kama thelathini nikaukuta umekatika, wembe mmoja umepinda kama kijiko. Damu ya matone, mita mia mbili hivi, halafu hakuna. Nikatafuta mpaka giza, kesho yake jirani yangu, mzee wa kizungu aliyenifundisha huu mchezo, akaja na mbwa wake, tukazunguka mpaka saa nane mchana. Hakuna.

Yule mzee hakunilaumu moja kwa moja, akasema tu kwamba kigumba cha kufunguka kikikutana na mfupa kinatumia nguvu mara mbili, ya kufunguka na ya kusukuma upana wote ule. Fiksi ingepenya? Labda, labda hapana. Kosa lilikuwa upande niliopigia, kigumba kiliongeza tu chumvi. Lakini usiku ule sikulala vizuri, na sioni haya kuliandika.

Tukija kwenye nguvu, shemeji hapa sikiliza. Chukua kasi ya mshale wako kwa futi kwa sekunde, zidisha kwa kasi hiyo hiyo, zidisha kwa uzito wa mshale kwa greini, gawanya kwa 450,240, unapata nguvu ya mshale kwa futi-pauni. Mi upinde wangu wa kompaundi, ule wenye magurudumu, uzito wa kuuvuta pauni 60, mshale greini 430, kasi 255, inakuja kama 62. Hiyo inatosha kufungua na kutokea kwa kulungu bila shida. Mama watoto naye anavuta pauni 42, mshale greini 360, kasi 205, inakuja kama 33 na nusu. Kulungu anakufa kwa hiyo bila wasiwasi, ila si kwa kigumba cha inchi mbili. Yeye nimemwekea fiksi ya nyembe mbili, nyembamba, kali ya kunyolea, na kusema kweli mishale yake inatokea upande wa pili mara nyingi kuliko unavyodhani. Sasa utamkuta jamaa kamnunulia mkewe au kijana wake wa miaka kumi na mbili mekanikali pana kuliko zote dukani eti "imsaidie". Unamkata miguu.

Kuna takwimu ambazo mashabiki wa mekanikali wanazitaja sana na zimetoka hapa hapa Maryland, kwenye kituo cha jeshi la majini cha Indian Head, kando ya mto Potomac, Charles County. Kule wawindaji wa mishale waliandika kila kulungu aliyepigwa kwa miaka mingi. Wa fiksi walipiga 1,066 wakawapata 874, asilimia 82. Wa mekanikali walipiga 230 wakawapata 209, karibu asilimia 91. Ni tofauti kubwa na mi naiamini. Lakini wawindaji wale walipaswa kufaulu mtihani wa kulenga kabla ya msimu, na hakuna aliyepangiwa kigumba, kila mtu alichagua chake. Mtu aliyefaulu kulenga, na upinde unaofaa, na anajua kusubiri, huyo ndiye mekanikali inamwongezea. Mimi wa Novemba nisiyesubiri dume ligeuke haiwezi kuniongezea kitu. Na majimbo kama Oregon na Idaho yalivikataza kwa miaka mingi tu, kule wanawinda elki ambaye ni mkubwa mara kadhaa kuliko huyu wetu, kwaiyo msishangae mkisikia mtu wa magharibi anaviponda.

Jambo ambalo linaniudhi ni sababu ambayo watu wengi wanahamia mekanikali. Wanasema fiksi hairuki sawa, wakilenga kwa ncha za mazoezi wanapiga katikati, wakifunga fiksi mshale unakwenda kushoto inchi sita. Hapo fiksi haina kosa, ni upinde haujanyooshwa! Nyembe zilizosimama zinashika upepo kama bawa, mshale ukitoka umepinda kidogo zenyewe zinaongeza. Mekanikali imejikunja kwaiyo inaficha ugonjwa, lakini mshale uliotoka umepinda unafika umepinda na unapoteza nguvu ya kuingia, tena kwenye kigumba kinachohitaji nguvu nyingi. Piga mshale kupitia karatasi kwa hatua chache uone unachanika vipi, ukichanika upande nenda kwa fundi au usogeze resti, kile kinachoshikilia mshale kwenye upinde, mwenyewe mpaka tundu liwe safi. Halafu ndo uchague kigumba.

Vitu vidogo vidogo: kola za plastiki badilisha kila msimu maana baridi inazifanya zinakatika ovyo, angalia podo lako kabla ya kupanda dungu maana nimewahi kukuta wembe mmoja umeshafunguka wenyewe ndani ya sponji, na usitegemee kutumia nyembe zile zile mara ya pili. Paketi ya vitatu ni kama dola 45, na ukishapiga kulungu mmoja kimoja kimekwenda. Fiksi naipitisha kwenye jiwe la kunolea inarudi kazini. Na bei ya kilo moja ya nyama ukiigawanya na vigumba, usimwonyeshe mama watoto hiyo hesabu.

Mwaka huu tunataka kwenda Dorchester, Eastern Shore, kuwatafuta sika, kulungu wadogo wa asili ya Asia walioachiwa James Island mwaka 1916 na sasa wamejaa kwenye mabwawa ya chumvi kule. Ni matete matupu, na nyembe za kufunguka zikigusa tete njiani zinaweza kuchanua kabla hazijafika, mshale ukaenda zake. Mi kwenye podo naweka fiksi tano. Shemeji kashanunua paketi mbili za mekanikali na risiti katupa, kwaiyo huyo aje nazo tu, nitampa dungu la ukingoni kwa msitu ambako matete hayafiki.