Maelezo yametoka kwa simu yangu

Miaka mitatu sasa maelezo yote ya hii programu yangu ya stoko yamekuwa yakikaa kwa WhatsApp. Maduka manne ya hadwea yanaitumia, yote hapa Nairobi, mawili yako Kariobangi, moja Gikomba, moja Kayole, na mtu akikwama ananipigia, mimi namrekodia sauti, bonyeza hapo juu, sasa shuka chini, ngoja kidogo, halafu wiki ijayo mwenzake ananiuliza swali lile lile. Mwezi uliopita nililazwa siku mbili. Kutoka nikapata simu 17 hazijapokelewa, zote za duka moja, walishindwa kufunga hesabu ya siku na mama mwenye duka akarudi kwa kitabu na kalamu. Iliniuma sana. Huyu mama aliniamini na pesa yake na sikuwa nimemwachia hata ukurasa mmoja.

Kwa hivyo nimekaa chini nikatengeneza tovuti ya maelezo kwa MkDocs. WordPress, ile programu ya kutengeneza tovuti, naijua na sina shida nayo, lakini inataka PHP na databesi zikae zikifanya kazi kwa seva, yaani kompyuta inayotoa tovuti kwa watu, mtu azisasishe, azilinde, na mimi niko peke yangu. MkDocs unaandika faili zako kwa Markdown, maandishi ya kawaida yenye alama chache za mpangilio, unapiga amri moja, inakutolea kurasa za HTML zikiwa tayari kufunguliwa kwa brauza, basi. Ukiwa na Python, lugha ya programu ambayo MkDocs inaitumia, ni `pip install mkdocs`, halafu `mkdocs new maelezo`, unapata folda ya docs yenye index.md ndani, na pembeni faili ya mipangilio, mkdocs.yml. Ukipiga `mkdocs serve` unafungua 127.0.0.1:8000 kwa brauza na kila ukihifadhi faili ukurasa unabadilika wenyewe.

Saa nzima ilienda kwa hiyo mkdocs.yml kwa sababu nilikuwa nasogeza mistari kwa tab na YAML, huo mtindo faili hiyo inaandikwa nao, haitaki tab, inataka nafasi za kawaida tu. Lakini kilichonikaa moyoni ni kingine. Hatua za kufunga hesabu nilizipanga vizuri, 1 hadi 6, kwa skrini zikatoka zimeshikana aya moja ndefu, namba zimemezwa katikati ya maneno. Nilizitazama weee. Kumbe orodha inataka mstari mtupu juu yake, huo tu. Nikapiga enter mara moja zikajipanga. Nikamfikiria mtu wa duka saa mbili usiku, mlango umefungwa nusu, anataka kuwahi matatu, anasoma hatua zimeshikana namna hiyo.

Jumamosi nikaenda Kariobangi kwa yule mama na flashi. Kompyuta ya huko haina intaneti, nilikuwa nimepiga `mkdocs build` nikakopi folda ya site nzima. Ukurasa wa kwanza ukafunguka, tukabonyeza linki ya pili ikaleta orodha ya mafaili. Kawaida MkDocs inaelekeza linki kwa folda, na seva ndiyo inajua kutoa index.html iliyo ndani, sasa bila seva brauza inakuonyesha tu mafaili yaliyo ndani ya folda. Dawa yake ni `use_directory_urls: false` kwa mkdocs.yml, unajenga upya. Nilifanya hapo hapo, laptopu ikiwa juu ya mifuko ya simiti. Linki zote zikakubali. Kisanduku cha kutafuta ndicho hakifanyi kazi ukifungua kutoka kwa flashi, kwa hivyo majina ya menyu lazima mtu akiyaona ajue anaenda wapi.

Na hapo kwa majina ndipo mama alinifunza kazi. Nilikuwa nimeandika "Usuluhishaji wa mauzo". Akasoma kwa sauti, akanyamaza, akaniangalia.

"Kijana wangu, hii ni nini?"

Nikamwambia mama, ni ile ya jioni, ya kulinganisha pesa ya droo na ya kompyuta.

"Si useme kufunga hesabu?"

Nikabadilisha. "Bidhaa zilizorejeshwa" ikawa "Mteja akirudisha mali". "Marekebisho ya stoko" ikawa "Mali ikiharibika au ikipotea". Sasa menyu inasomeka vile watu wa duka wanaongea, na hiyo ndiyo sehemu naipenda kuliko zote.

Wale wenye intaneti nimewawekea kwa GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti mtandaoni, amri ni `mkdocs gh-deploy` na imeisha. Ila akaunti ya bure inataka mradi uwe wazi kwa kila mtu, kwa hivyo kabla ya kupandisha nilipitia picha za skrini moja moja nikitafuta majina ya wateja na namba zao za simu. Mbili nilizipiga upya. Hapo tafadhali usiende haraka, deni la mtu si la kuanikwa.

Leo asubuhi mama amepiga simu nikashtuka, nikajua wamekwama tena. Hapana. Anasema pale kwa misumari niandike kwamba wanauza kwa kilo, si kwa pakiti, msichana mpya alikuwa anakosea. Nimeshaandika, Jumatano nampelekea flashi.