Kumbukumbu ya mradi: kukisia umri wa Soksi kwa kuangalia meno

Haya wadau, mradi wenyewe ndo huu. Nina fereti (kinyama kirefu chembamba cha kufugwa, kinachokula nyama, jamii ya kicheche) dume anaitwa Soksi, maana ndizo anazoiba, na kaja kwangu akiwa mkubwa tayari, hana karatasi wala rekodi ya chanjo, na aliyekuwa anamfuga kaniambia "ana kama miaka miwili hivi", jibu ambalo naona kila anayemtoa fereti wake hulitoa hata kama mnyama ni babu. Mi nataka nijue kwa kukaribia ukweli, maana fereti wengi wanaishi kama miaka 5 hadi 8, na wakishavuka miaka 3 ndipo yanapobisha hodi yale magonjwa yao, uvimbe kwenye kongosho unaoshusha sukari ya damu na ule ugonjwa wa tezi za adrenali, vitezi vilivyo karibu na figo, unaowanyonyoa manyoya, mara nyingi kuanzia mkiani. Kwa hiyo kati ya miaka 2 na 5 hiyo siyo tofauti ya kupuuzia kabisa.

Kumfungua mdomo

Hili wengi wanaliogopa bure. Unamshika ile ngozi ya nyuma ya shingo, unamwinua, mkono wa pili unabeba makalio, analegea kama nguo iliyoanikwa halafu muda si mrefu anapiga miayo mwenyewe, mdomo wazi mpaka magego yanaonekana. Unahitaji mtu wa pili wa kupiga picha tu, maana huo mwayo hausubiri mtu atafute simu. Kama hataki kupiga miayo unamvuta mdomo wa juu kidogo kwa kidole, chonge zinaonekana vizuri tu.

Hesabu

Fereti mkubwa ana meno 34: ya mbele 12, chonge 4, na ya nyuma 18 ukijumlisha magego yote. Kwa mtoto hesabu inasaidia sana, karibu wiki ya 7 hadi ya 8 chonge za ukubwani zinachomoza wakati zile za utotoni bado zipo, unaona chonge mbili mbili zimepangana, ukiona hivyo umri umeshaupata hadi wiki. Lakini meno ya ukubwani yakishatimia, na yanatimia mnyama akiwa bado na miezi michache tu, hesabu haikwambii tena kitu. Soksi kakosa jino moja dogo la mbele chini, nimeliandika ila silihesabu kama dalili ya uzee, vile vijino vya mbele ni vidogo mno na vinang'oka kwa sababu nyingi.

Rangi, na kwa nini siiamini

Kila mtu anaanza na rangi. Meupe ni kijana, ya njano ni mzee, kwisha. Kwa jumla ni kweli ila picha zangu za mwanzo zilinionyesha shida ilipo, jino lile lile chini ya balbu ya njano linatoka njano, karibu na dirisha linatoka jeupe, na simu nayo inajirekebishia rangi bila kukuuliza. Sasa hivi kila picha naweka kipande cha karatasi nyeupe pembeni ya shavu, nikilinganisha naangalia karatasi kwanza, ikiwa karatasi zenyewe hazifanani basi hizo picha mbili hazina mjadala.

Ukoga ndio mbaya zaidi. Unajikusanya hasa kwenye meno ya nyuma ya juu, unakuwa wa kahawia, na unategemea chakula na mdomo wa mnyama mwenyewe kuliko miaka. Anayetafuna nyama na mifupa anaweza kuwa mzee na meno safi, na kijana wa chakula laini tupu akawa na meno ya kutisha.

Mwanga kupita kwenye chonge

Hapa ndipo mradi ulipoanza kunilipa. Chonge la fereti mdogo ni jeupe kama maziwa, halipitishi mwanga, na ncha imechongoka. Kadiri anavyokua ncha inaanza kuwa kama kioo, mwanga unapenya, halafu huo ukioo unapanda taratibu kutoka nchani kuelekea kwenye ufizi, mpaka kwa mzee sehemu kubwa ya jino inakuwa hivyo, tena na unjano uliofifia. Sababu ni kwamba dentini, ile sehemu ngumu ya ndani ya jino, ina vijitundu vidogo sana ambavyo vinajaa madini kadiri miaka inavyokwenda, vikijaa mwanga haukwami tena. Hata kwa binadamu wanatumia kitu cha jamii hiyo, Gustafson, mtaalamu wa meno wa Sweden, mwaka 1950 alipotoa njia yake ya kukadiria umri wa mtu kwa meno, kupitisha mwanga kwa mzizi wa jino ilikuwa mojawapo ya alama zake sita.

Kwa Soksi naweka tochi ndogo pembeni ya chonge, sio mbele, na kamwe sio machoni. Mwanga wa mbele unang'arisha mate tu. Ukiupitisha kutoka pembeni unaona wazi mahali ukioo unapoishia na weupe unapoanzia, kwa Soksi umeshavuka ncha, unakaribia nusu ya chonge.

Kulinganisha na wanaojulikana

Jamaa yangu anafuga fereti na tarehe zao za kuzaliwa anazo, nikamwomba picha zilizopigwa vile vile, karatasi na tochi. Yule ambaye hajafikisha mwaka, chonge jeupe mpaka mwisho. Aliyepita mitatu, ncha ni kioo na unjano umeanza. Yule bibi wa miaka sita, ukioo umepanda juu kabisa na ncha imekuwa butu. Soksi anakaa baada ya huyo wa mitatu na kabla ya bibi. Hata ukikaza macho vipi huwezi kusema "huyu ana miaka minne na nusu", meno yanakupa kundi la umri, mwaka kamili hayakupi, anayekutajia mwaka kwa kuchungulia mdomo mara moja anabahatisha.

Ncha yenyewe kuwa butu nimeipa uzito mdogo. Chonge la kulia la Soksi limemeguka, la kushoto bado kali, na yote mawili yana umri mmoja si ndiyo? Fereti anayeng'ata nondo za tundu anamaliza ncha akiwa kijana. Nilichokagua hapo ni kama pana doa jeusi au jekundu katikati ya sehemu iliyomeguka, maana hilo ni dalili kwamba mmeguko umefika kwenye uhai wa jino, kile kiini chenye mishipa ya damu na fahamu, na linataka daktari. Halipo.

Nilipofika

Nimeandika miaka 3 hadi 5. Daktari wa mifugo kamwangalia, kapapasa misuli, kaangalia macho kama yana mtoto wa jicho, akasema mtu mzima wa makamo, kwa hiyo hatupishani. Wataalamu wa wanyama pori wanakata jino la mnyama aliyekufa na kuhesabu matabaka ya simenti (ile ganda gumu linalofunika mzizi, si ya kujengea), hiyo asanteni, Soksi bado analitumia. Kilichobaki ni eksirei: jino la kijana lina uwazi mpana katikati na unazidi kuwa mwembamba kwa miaka, na kwa kuwa itabidi alazwe usingizi asafishwe ukoga, nimeomba chonge lipigwe picha siku hiyo hiyo. Vipimo vya sukari ya damu tumeanza sasa hivi bila kusubiri, kama wa miaka 5. Picha ya eksirei ikitoka nitaiweka hapa pamoja na za tochi.