Boriti za Baba

Baba yangu alikuwa mkata boriti hapa Gazi, Kwale. Mikoko aliijua kwa unene: huu fito, huu pau, huu boriti, huu nguzo. Leo mimi bintiye naizungushia futi kamba miti hiyohiyo, naandika namba, nauacha mti palepale. Akiniona narudi na matope hadi mapajani hucheka: "Siku nzima msituni, mwanangu, na mikono mitupu?"

Huingia maji yakitoka. Mti wa bara hupimwa usawa wa kifua, lakini mkoko una mizizi inayoshuka kutoka kwenye shina, mingine inaanzia juu kuliko kichwa changu. Basi unautafuta mzizi wa juu kabisa, unaongeza sentimita 30, hapo ndipo unazungusha. Mmoja anapima, mmoja anaandika, wa tatu anafukuza mbu. Msimdharau huyo wa tatu.

Namba hizo huonyesha miti imehifadhi hewa ya ukaa kiasi gani, nazo ndizo zinazotuletea pesa: wanaotaka kufidia moshi wao hutulipa ili msitu ubaki. Tangu 2013 mradi wetu, Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, unauza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na hekta 117 za mikoko, kama tani 3,000 kwa mwaka. Wageni huuliza mbona wadau ni wengi hivyo. Jamani, msitu ni wa serikali. Bila makubaliano kati ya chama chetu cha msitu na KFS, shirika la serikali la misitu, hatuna ruhusa ya kuuza hata jani. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye kituo hapahapa Gazi, ndio waliotufundisha kupima na kukokotoa. Plan Vivo, shirika linaloweka viwango vya miradi ya hewa ya ukaa, ndio wanaothibitisha kwamba tani tunazodai zipo kweli. Na ACES, shirika dogo la hisani lililosajiliwa Scotland, ndilo linalotafuta wanunuzi, kwa sababu mimi nikimwandikia mtu wa Edinburgh aninunulie hewa atadhani ni tapeli.

Pesa zikifika, baraza linaamua. Maji na vitabu vya shule vimewahi kutoka huko. Mabishano yake nayo, mpaka adhana ya magharibi!

Si kila anayekuja na jina la mazingira anashirikiana. Kundi moja lilishuka na basi, fulana mpya, miche mia kadhaa ya mkoko. Wakaipanda mbele kabisa, kwenye mawimbi, mahali pa mlilana, aina nyingine ya mti wa pwani inayostahimili mawimbi. Mzee mmoja aliwaambia kwa upole kwamba mkoko haukai pale. Wakamshukuru, wakapiga picha naye, wakaendelea kupanda. Bamvua la pili, maji makubwa ya mwezi, halikubakisha kitu. Lau wangeuliza KMFRI kabla ya kukodi basi!

Jirani zetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu, kule mpakani na Tanzania, walifanya kinyume. Waliona yetu, wakauliza maswali hadi tukachoka, kisha wakaanzisha mradi wao, Vanga Blue Forest, wenye msitu mkubwa kuliko wetu. ACES haohao ndio wanaowauzia.

Kwangu mimi, hata hivyo, kazi yenye akili kuliko zote ni ya mivinje, miti ya nchi kavu. Ukimkataza mtu mkoko bila kumpa mti mwingine wa kujengea, umemfundisha kukata usiku. Kwa hiyo mradi ulipanda mivinje kwa ajili ya kuni na ujenzi. Hakuna mgeni anayeomba kupigwa picha na mvinje.

Mwezi uliopita banda la mbuzi la baba lilianguka upande. Akanunua boriti za mvinje, akinung'unika njia nzima kwamba mchwa wanaupenda mvinje kama sisi tunavyopenda mahamri, ilhali boriti ya mkandaa, aina ya mkoko, inamzika aliyeijenga. Sikubishana, kuhusu mchwa anasema kweli. Amezipaka oili chafu ya gari tabaka mbili na kuzichimbia. Kila asubuhi anainama kukagua chini ya nguzo, kisha ananiangalia.

Mchwa bado hawajafika.