Sukari imeshuka, mishipa je?

Kisumu, Jumatano usiku

Shangazi yangu wa Ahero ameshalala, nami nimebaki mezani na kitabu chake cha kliniki ya kisukari. Asubuhi, kabla ya chai, mashine ya kupima sukari ilisoma milimoli 6.8 kwa lita, na tangu hapo anasema sukari yake imeisha, dawa za mwezi huu zikimalizika atapumzika kidogo. Furaha yake naielewa. Alipogunduliwa ilikuwa imepita 20 na nguo zote zilikuwa zimempwaya. Ila nambari ya leo ni ya damu ya leo. Mishipa inayoibeba damu hiyo ina habari nyingine, na hiyo ndiyo inayoninyima usingizi.

Nimekuwa nikisoma kuhusu seli zinazotanda ndani ya mishipa midogo kabisa. Ni tabaka moja tu, limekalia utando mwembamba ambao seli zenyewe zimeufuma, sehemu kubwa kwa kolajeni ya aina ya 4, yaani protini ya kushikilia viungo vya mwili. Seli za misuli hungoja insulini, homoni ya kongosho, ndipo zipokee glukosi, sukari ya kwenye damu, kwa wingi. Hizi za mishipa hazingoji. Damu ikijaa sukari, nazo hujaa. Ziada hiyo huamsha vimeng'enya na ishara za ndani zinazoziamuru seli zitengeneze kolajeni zaidi, na protini nyingine iitwayo fibronektini. Mwaka 1988 kikundi cha mtafiti Mara Lorenzi, huko Boston, Marekani, kilionyesha hivyo kwa seli zilizotolewa kwenye mshipa wa kitovu cha mtoto mchanga: zilipokuzwa kwenye glukosi nyingi, ujumbe wa jeni wa kutengeneza protini hizo mbili ulipanda.

Tena sukari hujibandika kwenye kolajeni iliyokwisha kufumwa, ikazifunga nyuzi zake pamoja kiasi kwamba mwili unashindwa kuzivunja. Mpya inaongezwa, ya zamani haiondoki. Utando unanenepa mwaka baada ya mwaka na mtu hasikii chochote. Ungedhani ukuta mnene huzuia zaidi, lakini kwenye figo unene huo huja pamoja na kuvuja, protini iliyopaswa kubaki kwenye damu ikaishia kwenye mkojo. Machoni mishipa mingine huvuja, mingine huziba. Neva za miguu nazo, zinazolishwa na mishipa hiyo hiyo, hukosa oksijeni ya kutosha.

Hilo la neva nimeliona leo kwa macho yangu. Muuguzi alimwambia shangazi afumbe macho, aseme "ndiyo" kila akiguswa na uzi mgumu wa nailoni. Mkononi alijibu papo hapo. Chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto uzi ulibonyezwa mpaka ukapinda, shangazi kimya. Kisha akauliza kwa upole, "Sista, bado hujaanza?" Niligeuka nikatazama dirishani. Huyu ni mama aliyelima mpunga pekupeku umri wake wote. Leo akikanyaga mwiba huenda asijue, na kidonda kikitokea huenda kisipate kolajeni ya kutosha kujifunga. Inazidi pale isipotakiwa, inapungua pale inapohitajika. Nimelifikiria hili jioni nzima na bado linaniuma.

Kuna jambo jingine, na hili natamani kila familia yenye mgonjwa wa sukari ilijue. Mwaka 1990 kikundi kile kile cha Lorenzi kilizirudisha seli kwenye glukosi ya kawaida baada ya kuzikuza kwenye glukosi nyingi. Hazikuacha mara moja kuzidisha protini zile. Kwa binadamu pia limeonekana: utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliowafuata watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya 1 na matokeo yake kutangazwa 1993, uliendelezwa, na waliodhibiti sukari vizuri mapema waliendelea kuwa na macho na figo bora kwa miaka, hata baada ya viwango vyao vya sukari na vya wenzao kukaribiana. Kwa aina ya 2, aliyo nayo shangazi, utafiti wa Uingereza wa 1998 ulionyesha kwamba kudhibiti sukari zaidi hupunguza madhara ya mishipa midogo.

Baada ya chakula nilimweleza polepole. Alisikiliza, kisha akasema, "Kwa hiyo ile miaka nilikuwa sijui, ilikuwa inafumwa tu."

"Ndiyo, shangazi."

"Na nikiacha dawa, itafumwa tena."

Sikuwa na la kuongeza. Nadhani tunawakosea wazee wetu tunapowasomea nambari ya mashine tukaishia hapo, kana kwamba hawataelewa.

Nyuma ya kitabu nimeandika ya kuuliza kliniki ijayo: kipimo cha miezi 3, kwa kuwa seli nyekundu huishi siku kama 120 nazo hubeba kumbukumbu ya sukari ya kipindi hicho, albumini (ile protini ya damu inayovuja) kwenye mkojo, na daktari wa macho amchunguze ndani ya jicho, hata kama anasoma Biblia yake bila shida. Binamu yangu wa Nakuru amesema atalipia hicho cha kwanza.